Simu, skana ya kulaza au kukata mgongo: ulinganisho wa njia za kuskani kwa wenye miongozo ya zamani ya gemu

Tuelewane jina kwanza. Naongelea vile vitabu vya kukuonyesha namna ya kumaliza gemu, vyenye ramani za vyumba na orodha ya silaha na bosi gani, yaani adui mkubwa wa gemu, anakufa kwa risasi ngapi, pamoja na ndugu zake, vitabu vya michoro vya wale wachoraji wa wahusika. Jina lake la Kizungu ukilitamka haraka haraka linatoka "gaidi" na mimi sitaki kesi na mtu, kwahiyo humu nitasema miongozo.

Marehemu mjomba alikuwa baharia na kila akirudi Tanga hakosi kitu cha gemu kwenye begi. Ametuachia boksi zima, miongozo kumi na kitu na vitabu viwili vya michoro vya Kijapani, na lile boksi limekaa juu ya kabati kule Makorora miaka mingi. Nilipolishusha mwaka jana pini za stepla zilishaota kutu zimechora kahawia kwenye karatasi, gundi ya mgongo imekauka ukifungua tu inalia kama biskuti, na kurasa za kati zimeanza kushikana kwa unyevu. Si unajua hewa ya bahari hapa kwetu, haiachi chuma wala karatasi.

Na ukisema utanunua kingine, havipo. Prima Games, wale waliokuwa wanachapa miongozo tangu 1990, walitangaza mwaka 2018 kwamba wanaacha, na wapinzani wao BradyGames walishaunganishwa nao 2015. Kwahiyo vilivyopo ndo hivyo hivyo. Alafu usidhani mtandao utakuokoa, mana mwongozo wa BradyGames wa Final Fantasy IX wa mwaka 2000 ulifanya kituko mpaka leo watu wanausimulia: kila ukifika pahala patamu kitabu kinakwambia nenda kwenye tovuti ya PlayOnline ukaandike neno fulani upate maelezo. Kitabu umenunua hela yako, maelezo yako kwenye tovuti, na zile kurasa za tovuti zilishaondolewa zamani. Karatasi ndo iliyobaki.

Kwahiyo dawa ni kuviskani, yaani kuhamisha kurasa ziwe picha kwenye simu au kompyuta, na nimejaribu njia tatu kwa mikono yangu. Sitakwambia ipi ni bora kwa wote mana hata mimi nimezitumia zote tatu kwa vitabu tofauti.

Vya kuangalia kabla hujachagua

Mimi naangalia vitu vinne. Muda, yaani kitabu cha kurasa 180 kinakula saa ngapi. Picha inavyotoka. Kitabu chenyewe kinabaki vipi ukimaliza. Na umeme na hela, hivyo nimeviweka pamoja kwa sababu kwetu vinatembea pamoja.

Kwenye picha kuna namba moja ya kujua, DPI, yaani nukta ngapi zinasomwa kwenye kila inchi ya karatasi. Maandishi yanasomeka vizuri kwa 300. Michoro mizito yenye rangi unataka 600. Ila namba ikipanda mara mbili faili linapanda mara nne: ukurasa wa A4 wa rangi kwa 300 bila kubanwa ni kama MB 26, kwa 600 ni kama MB 104. Zidisha kwa kurasa 180 uone, unatoka kwenye GB 4 na ushee unaingia karibu GB 19. Hadidiski ya laptopu ya kuazima haiwezi hayo mambo.

Njia ya kwanza: simu

Muda. Hapa simu haina mpinzani kama hutaki kuharibu kitabu. Kurasa 180 nilizimaliza ndani ya saa moja na nusu, na hapo kuna kusimama kunywa maji na kufukuza watoto wasisogee dirishani.

Picha inavyotoka. Simu nyingi hata zikiandikwa megapikseli 50 picha ya kawaida inatoka kwenye 12, yaani nukta 4000 kwa 3000. Ukipiga ukurasa mmoja mmoja ukaujaza kwenye kioo unapata kama DPI 340, inatosha kabisa kwa maandishi. Ukifanya uvivu ukapiga kurasa mbili kwa pamoja unashuka mpaka kama 240 na ule mpindo wa katikati unameza maneno. Kivuli cha mkono ndo adui mkubwa, na karatasi ya kung'aa inarudisha mwanga wa taa kama kioo. Mimi nililaza kitabu sakafuni karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, saa nne asubuhi, nikaweka kioo cha fremu ya picha juu yake kunyoosha ukurasa, simu nikaifunga kwa mpira juu ya stuli iliyotobolewa. Ukiiona utacheka lakini picha zimenyooka.

Sasa hapa nikupe kisa. Mwongozo wa Resident Evil 2 wa mjomba, ramani ya kile kituo cha polisi, yeye alikuwa anaandika kwa penseli pembeni ya kila mlango. Wenye gemu la 1998 wanakumbuka funguo zake ni za karata, basi mzee kaandika shupaza hapa, uru pale, kopa, pau, na mlango mmoja kaandika "rudi na pau usisahau" kwa mwandiko ule ule aliokuwa anaandikia barua. Nikaskani kwa programu ya simu, ile inayonyoosha kona na kusafisha yenyewe. Nikamaliza kitabu kizima nimefurahi, karatasi nyeupe pee kama mpya. Usiku naangalia, penseli yote imekwenda. Ile programu iliona penseli ni uchafu ikafuta, na manjano ya ramani ikaipeleka kuwa nyeupe. Asubuhi nikaanza upya. Kwahiyo ukitumia simu zima kila kitu kinachoitwa safisha, ng'arisha, sijui kichujio cha uchawi, piga picha ya kawaida au chagua rangi halisi, usafi utafanya baadae kwenye nakala. Na angalia unapakua programu gani, CamScanner mwaka 2019 toleo lake la Android lilikutwa na kirusi ndani Google wakaliondoa kwa muda. Ile ya kuskani iliyomo kwenye Google Drive haina mambo mengi.

Kitabu kinabaki vipi. Salama, hukibonyezi sana, unaweza kukifungua nusu tu kama mgongo umeshaanza kulia.

Umeme na hela. Simu unayo tayari. Umeme ukikatika unaendelea mpaka chaji iishe.

Inamfaa nani: mwenye kitabu cha kuazima, mwenye mwongozo wa maandishi mengi, na yule ambaye kitabu chake kimeshaanza kuoza anataka kukiwahi leo leo.

Njia ya pili: skana ya kulaza

Hii ni ile ya kioo, unafunika kitabu kifudifudi unabonyeza, taa inapita. Mimi niliazima Canon LiDE 300 kwa jamaa mmoja wa Chumbageni anayefanya kazi za vitambulisho.

Muda. Jipange. Kwa DPI 300 taa inapita kwa sekunde kama kumi tu, lakini kuna kuinua, kugeuza, kunyoosha, kushika, kwahiyo kila ukurasa unakula karibu dakika nzima. Kurasa 180 ni saa tatu za kusimama. Kwa 600 mimi nilikwenda siku nne, jioni jioni, mgongo wangu ukauma kuliko wa kitabu.

Picha inavyotoka. Hapa ndo unaona ulichokuwa unakosa. Kitabu kimoja cha michoro cha mjomba kina uso wa mpiganaji umepakwa rangi ya maji, kwenye simu ilikuwa doa la pinki tu, kwenye skana unaona hadi brashi ilipopita mara ya pili kabla ya kwanza haijakauka. Rangi inatoka ile ile ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho mana mwanga haubadiliki, wakati kwenye simu wingu likipita tu uso wa mtu unageuka bluu.

Ila kuna mitego miwili. Mmoja ni mawimbi. Ukiskani picha iliyochapwa unaweza kukuta mistari kama ya kanga iliyolowa imetanda juu ya anga au nguo, na siyo skana mbovu. Picha ya kwenye kitabu siyo rangi iliyomwagwa, ni vinukta vidogo vidogo vya wino wa rangi nne, na skana nayo inasoma kwa nukta, zikipishana kidogo ndo linatokea lile wimbi. Dawa ni kuskani kwa 600 alafu ukapunguza ukubwa baadae kwenye kompyuta, au kuwasha ile sehemu ya kuondoa nukta za uchapaji kwenye programu ya skana, ila hiyo ya pili inalainisha picha kidogo, kwenye maandishi madogo utajuta.

Mtego wa pili ni mpindo wa katikati. Skana nyembamba kama hii LiDE zinaona vizuri kitu kilichogusa kioo tu, kikiinuka hata milimita chache kinafifia. Sasa mwongozo mnene kwenye mpindo haugusi kioo, na waliopanga ramani za gemu walikuwa wanapenda kuzitandaza kurasa mbili, yaani kile chumba cha katikati chenye sanduku ndo kinaangukia kwenye giza. Zipo skana nene za aina ya CCD, mfano Epson V600, zinaona kina zaidi, lakini ni kubwa, nzito na lazima uzichomeke ukutani.

Kitabu kinabaki vipi. Inategemea mkono wako. Kukilaza kifudifudi nyuzi 180 na kukikandamiza ni kumwomba mgongo aachie. Changu kimoja kiliachia, kurasa nane zikatoka mkononi kama karata. Vyembamba vya pini vinavumilia vizuri zaidi ya vya gundi.

Umeme na hela. Hii LiDE inakula umeme kwa waya wa USB kutoka kwenye laptopu, kwahiyo umeme ukikatika na laptopu ina chaji unaendelea na kazi. Kununua mpya ni hela ya maana kwa kitabu kimoja, kwa boksi zima mkichangishana watatu wanne inaingia akilini.

Inamfaa nani: mwenye vitabu vya michoro, mwenye subira, na anayejua atafanya vingi.

Njia ya tatu: kukata mgongo

Najua kuna mtu ameshashika kichwa. Subiri.

Unapeleka kitabu steshenari kwenye ile mashine kubwa ya kukatia karatasi, wanakata mgongo milimita kama tano, unabaki na karatasi moja moja, unaziweka kwenye mashine inayovuta yenyewe na kusoma pande zote mbili kwa mpigo.

Muda. Mchezo wa watoto. Mashine ya mezani kama ScanSnap iX500 inavuta karatasi 25 kwa dakika, kurasa 180 ni karatasi 90, ongeza za kukwama na kupanga, nusu saa uko barabarani na flashi mfukoni.

Picha inavyotoka. Kila ukurasa umelala flati, hakuna mpindo, hakuna kivuli, na ramani ya kurasa mbili unaziunganisha kwenye kompyuta. Kasoro yake, ikiwepo punje ya vumbi kwenye kile kioo chembamba cha ndani inachora mstari mmoja mrefu kwenye kila ukurasa, na hutaujua mpaka uwe umemaliza. Futa kioo kabla, angalia ukurasa wa kwanza, wa hamsini, wa mia. Na karatasi za kung'aa zilizoshikana kwa unyevu zinavutwa mbili mbili, kwahiyo hesabu kurasa mwishoni, usiamini mashine. Kwa michoro mizito bado naona skana ya kulaza inaishinda kwa rangi, ila tofauti siyo kubwa kama watu wanavyosema.

Kitabu kinabaki vipi. Hakibaki, tuseme ukweli. Unabaki na rundo la karatasi. Unaweza kulibaindi kwa springi lisomeke tena, lakini siyo kile kitabu. Na hatari nyingine: steshenari moja nilipeleka mwongozo, kijana akaweka karatasi kwenye mashine na vipande vya gundi bado vimening'inia kwenye kingo, mashine ikatafuna ukurasa wa ramani mbele ya macho yangu, ikautoa umekunjwa kama feni. Tukaunyoosha kwa pasi ya baridi, ukasomeka, lakini jasho lilinitoka. Tangu siku hiyo gundi natoa mwenyewe nyumbani kwa kucha kabla sijaenda.

Umeme na hela. Wanahesabu kwa ukurasa, kwa hiyo uliza bei ya kuskani rangi pande mbili mapema na mkubaliane DPI kabla, mana ukinyamaza wengine wanaiacha kwenye 150 mashine iende haraka, na 150 kwa ramani ni hasara. Umeme ukikatika unarudi kesho.

Inamfaa nani: mwenye nakala mbili za kitabu kimoja, au kitabu ambacho mgongo umeshakufa wenyewe na kurasa zinadondoka. Hicho mauti yameshakifika, mashine haiongezi dhambi. Kitabu kizima chenye jina la mtu ndani mimi siwezi.

Ukishaskani, ya kushirikishana nayo yana uchaguzi wake

Hapa nitapita haraka. Picha mbichi zitunze kama zilivyotoka, nakala ya kusambaza ndo uitengeneze PDF iliyobanwa. Yangu ya kurasa 180 ilitoka MB 160 na inasomeka vizuri kwenye simu. ScanTailor inanyoosha na kukata kingo, NAPS2 inaunganisha PDF na kusoma maandishi ili uweze kutafuta neno ndani, zote za bure.

Flashi na hadidiski mkono kwa mkono: haina bando, na kwa GB 19 za michoro ndo njia pekee yenye akili hapa mjini, unamtumia mtu wa baiskeli anakufikishia Raskazone kabla upakiaji haujafika asilimia tano. Ila flashi zinakufa bila kuaga, kwahiyo weka sehemu mbili.

WhatsApp na Telegram: zote zinapokea faili hadi GB 2, tuma kama dokyumenti, ukituma kama picha inabanwa kazi yako yote imekwenda. Tatizo lake ni la mji wetu, waja leo waondoka leo. Grupu likifungwa au mtu akibadili simu, kitabu kimeondoka naye.

Google Drive: GB 15 za bure, lakini unagawana na barua pepe na picha zako za harusi.

Internet Archive, ile maktaba ya San Francisco iliyoanza 1996: haina kikomo cha kukusumbua, mtu wa Tokyo anaiona kama wa Pongwe. Lakini siyo kisima kisichokauka. Mwaka 2016 Nintendo walilalamika na mkusanyo wa jarida lao la Nintendo Power ukaondolewa, mwaka 2024 mwezi wa kumi ikadukuliwa ikawa chini kwa siku kadhaa. Kuna pia Video Game History Foundation wa Marekani, Januari 2025 walifungua maktaba yao ya mtandaoni yenye majarida ya gemu zaidi ya 1,500 unayoweza kutafuta neno ndani yake, kwahiyo kabla hujatoka jasho kuskani jarida nenda kaangalie kama lipo.

Na haki. Mchapaji kufunga duka hakumaanishi haki imekufa. Sheria ya hakimiliki ya kwetu ya 1999 inalinda kazi maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na miongozo hii ni ya juzi tu. Kuskani chako ukajisomea na kumwonyesha ndugu ni jambo moja, kukimwaga hadharani dunia nzima ni jambo jingine, na kuuza PDF yake kwenye grupu ni jambo la tatu ambalo usinitaje. Vitabu vya michoro ndo wenyewe wakali zaidi mana baadhi bado vinachapwa upya na kuuzwa. Mimi miongozo iliyokufa nagawana na wenzangu wa hapa, vya michoro nimeviweka kwenye hadidiski tu.

Sasa wewe uko wapi

Kama una mwongozo mmoja na unataka kusoma tu bila kuuchosha, chukua simu, kesho asubuhi umemaliza, hauhitaji mimi.

Kama ni kitabu cha michoro, vumilia skana ya kulaza kwa 600 hata kama itachukua wiki, na zile kurasa mbili mbili ambazo mpindo unazigomea piga kwa simu ukiwa umekifungua nusu, alafu weka zote mbili kwenye folda. Nimefanya hivyo kwa kurasa sita na sioni aibu.

Kama kurasa zimeshaachia, nenda steshenari na karatasi zako umezipanga na kuziandikia namba kwa penseli nyuma kama hazina.

Kama kuna maandishi ya mtu pembeni, hata kama ni ya kitoto, usitumie chochote kinachosafisha, njia yoyote uliyochagua.

Kama kitabu siyo chako, simu peke yake, ukiwa umekaa na mwenyewe, na umwachie nakala kwenye flashi kabla hujaondoka.

Na kama kurasa zimeshikana, usizibandue kwa nguvu upate picha leo. Mimi mwongozo mmoja wa mjomba kurasa kama kumi za katikati zimekuwa kipande kimoja, nimeuweka kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, nasubiri masika yaishe ndo nijaribu kuingiza ukingo wa rula.